Uzi wa Nkaka: Mashauri kwa Wachezaji na Walimu wa Michezo ya Asili



Kamati ya kitabu hiki iliniomba niandike juu ya michezo ya asili ya kwetu Katanga. Wengine katika kurasa hizi wataeleza maana ya ngoma kwa wazee wetu, ndoa, matanga na mambo ya ufalme. Mimi si mtaalamu wa chuo kikuu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mu Katuba, hapa Lubumbashi, na tangu 1986 mpaka nilipopumzika nilifundisha batoto kucheza kwa ajili ya sikukuu na mashindano. Kwa hiyo nitaandika ile ninayoijua: mchezaji anavaa nini, anakula nini, ngoma inapashwa moto namna gani, na mwalimu anaangalia nini mbele ya kupanda jukwaa. Watu wengi wanafikiri hayo ni mambo madogo. Mimi pia nilifikiri vile mpaka siku moja ya mwaka 2004, ambayo nitaisimulia hapa chini, maana mpaka leo inaniuma.

Kushindana si jambo geni

Kuna watu wanaosema: "Zamani bazee balikuwa banacheza kwa furaha tu, hii mambo ya kushindana ni ya bazungu." Si kweli kabisa. Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi kila upande: Kasai, Maniema, Rwanda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Watu hao walikutana katika makambi. Siku ya yenga kila kabila ilitoka na ngoma yake, na kila moja ilitaka kuonekana kuliko ingine. Hakukuwa jiri wala kikombe, lakini macho ya majirani yalikuwa jiri tosha.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye Copperbelt, mtaalamu mmoja, J. Clyde Mitchell, aliandika juu ya mchezo wa Kalela katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Anaeleza kwamba wale vijana walicheza na suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa. Tena walikuwa na "daktari" wao, na pia "sista" mwenye nguo nyeupe, aliyepita kwa kila mchezaji na kioo na kitambaa, ili kila mmoja ajiangalie kama yuko safi. Niliposoma hayo nilicheka, halafu nikanyamaza. Kumbe watu hao walijua kitu ambacho mimi nilichelewa kujua: kundi linahitaji mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia tu.

Kisha ikaja wakati wa Zaïre na animation politique ya M.P.R. Sisi tuliokuwa batoto wakati ule tulipangwa kwa mistari, tukaimba sifa za Kiongozi, na baba zetu nao walitolewa kazini wakacheze. Baba yangu hakupenda hata kidogo. Alirudi nyumbani, anavua shati bila kusema neno. Mambo hayo yalipungua nguvu baada ya tarehe 24 aprili 1990, wakati chama kimoja kiliondolewa. Lakini yaliacha alama: mpaka leo kuko wazazi ambao wakiona batoto wamepangwa mstari, wanakunja uso. Mwalimu ajue hivyo. Usimlazimishe mutoto kucheza. Umuombe mzazi ruhusa, umueleze ni mchezo gani na ni kwa nini. Mchezo unaochezwa kwa woga, jiri hata kama haijui sababu, inaona.

Mwili kwanza

Chombo cha kwanza cha mchezaji si ngoma, ni mwili wake. Kwetu Lubumbashi tuko juu, karibu metre 1.200, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi inauma kweli. Na sikukuu yetu kubwa, tarehe 30 juni, inaanguka paka katika baridi ile. Batoto wanafika saa kumi na mbili, wanasimama wakingojea wakubwa saa tatu, saa ine, kisha ghafla wanaambiwa: "Haya, mucheze!" Hapo njo misuli inavutika. Basi wavae masweta juu ya mavazi mpaka dakika ya mwisho. Wapashe mwili moto kwa dakika kumi au kumi na tano: kutembea haraka, kuzungusha mabega, kukunja magoti pole pole, halafu hatua zenyewe za mchezo bila nguvu nyingi. Wakiambiwa tena wangojee, waanze upya.

Juu ya kiuno. Watu wanampenda marehemu Tshala Muana, aliyezaliwa hapa mjini mwaka 1958 na kufariki mwaka 2022, na kila binti anataka kucheza mutuashi kama yeye. Lakini wengi wanatupa kiuno kwa nguvu ya mgongo, magoti yamenyooka kama miti. Kesho yake wanalia mgongo. Kiuno kinatoka katika magoti: kunja magoti kidogo, uzito uwe juu ya miguu yote miwili, tumbo likaze, mabega yatulie. Mimi nilikuwa ninaweka daftari juu ya kichwa cha mchezaji. Kama daftari inaanguka, bado hajajua.

Chakula. Bukari mzito na sombe ni chakula kizuri, lakini si saa moja mbele ya kucheza. Wale saa tatu mbele, na karibu na saa ya kucheza wapewe ndizi au mkate kidogo tu. Maji wanywe kidogo kidogo tangu asubuhi, wasingoje kiu. Mutoto akitoka jasho mingi, akaanza kizunguzungu, umpeleke kivulini na umpe maji ya chumvi na sukari: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo ya chumvi, vijiko viwe sawasawa, visipande kilima. Asipopata nafuu upesi, hospitali.

Mguu ukiteguka, kwetu watu wanakimbilia maji ya moto na kukanda kwa nguvu. Tuache. Siku mbili za kwanza ni baridi njo inasaidia: barafu ndani ya kitambaa, bendeji isiyobana sana, na mguu ulale juu ya mto. Na mchezaji huyo asicheze, hata kama njo yeye anaongoza mstari. Kikombe kinaweza kungoja mwaka mwingine, kifundo cha mutoto hapana.

Mavazi na vifaa

Mbele ya yote, kila vazi lichezwe mazoezini. Ninasema lichezwe, si livaliwe. Mutoto anaweza kusimama vizuri na vazi lake mbele ya kioo, na hatua ya tatu likaanguka. Kitambaa cha kiunoni kifungwe chini ya mfupa wa nyonga, kishonwe mahali pawili kwa uzi, pini iwe ni msaada tu. Ndani yake kila mchezaji, binti na kijana, avae kaptula ya kubana ya rangi moja. Hapo hata kitambaa kikianguka, aibu hapana, anaendelea kucheza.

Raffia. Zamani majoho ya nyuzi yalitoka kwenye mtende wa raffia. Siku hizi makundi mengi ya mjini yanafumua magunia ya plastiki ya mchele na kufunga nyuzi zake. Siwalaumu, sisi pia tulifanya vile, maana raffia ya kweli ni bei. Lakini mujue: nyuzi za plastiki zikikaribia moto haziungui tu, zinayeyuka na kushika ngozi. Mchezaji aliyevaa magunia asisogee mahali ngoma zinapashwa moto, wala karibu na mshumaa au mienge. Na raffia ya kweli nayo inawaka upesi. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga zikae karibu siku zote.

Rangi ya mwili. Wazee walijipaka pemba, ile udongo nyeupe. Ni laini, inatoka kwa maji. Lakini nimeona walimu wakinunua chokaa ya kupaka ukuta kwa sababu ni nyeupe sana. Hatari kubwa! Chokaa ikikutana na jasho inachoma ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kuharibu macho. Rangi ya mafuta ya milango pia hapana. Kama pemba hakuna, unga wa muhogo na maji kidogo ni bora.

Miguu. Michezo yetu mingi inachezwa bila viatu, na miguu inagusa ardhi. Lakini udongo wa kijijini si sima ya mjini. Sima ya saa sita mchana, mwezi wa kumi, inachoma. Mwalimu avue viatu yeye mwenyewe, atembee jukwaa lote kutoka kona mpaka kona. Kama yeye hawezi, batoto nao hawawezi. Fagieni wenyewe, musingoje wenye kuandaa: misumari, vipande vya chupa na vifuniko vya bia haviko na huruma. Lengelenge likitokea, musilipasue wala kutoa ngozi yake. Osha, funika, pumzika. Na njuga za miguuni zifungwe juu ya kitambaa laini, maana kamba tupu inakata.

Ngoma

Ngoma ni kitu kinachoishi. Ngozi yake inasikia hewa kuliko sisi. Wakati wa mvua inalegea na sauti inakuwa nzito kama mutu mwenye mafua; wakati wa kiangazi inakaza, na ukiiongezea moto mingi inapasuka. Moto wa majani makavu au wa karatasi unatosha, ngozi iangalie moto kwa mbali, na muzungushe. Usiache ngoma juani toka asubuhi mpaka saa ya kucheza, mti wenyewe utapasuka. Mukingoja muda mrefu, muzifunike na blanketi.

Ule ulimbo mweusi unaobandikwa katikati ya ngozi si uchafu. Unashusha sauti. Kijana mmoja wangu aliukwangua wote akitaka "kusafisha", na siku hiyo ngoma ya baba na ngoma ya mama zililia sauti moja. Na ngoma zetu nyingi za Kiluba ziko na tundu ubavuni lililofunikwa na ngozi nyembamba ya kifuko cha mayai ya buibui. Hiyo njo inaleta ule mlio wa kutetemeka. Ikipasuka, ngoma inabaki bubu nusu. Wapigaji wa siku hizi wakiikosa wanaweka kipande cha plastiki nyembamba. Inasaidia, ingawa sikio la muzee litajua tu.

Katika jukwaa

Kwanza musome sheria za mashindano, mwalimu na wachezaji pamoja. Kama ni dakika nane, mupange saba. Dakika moja ni ya kuingia, ya kutoka, na ya shetani. Pili, pimeni jukwaa kwa hatua, halafu mchore ukubwa uleule chini kwenye uwanja wa mazoezi. Kundi lililozoea uwanja wa shule, likipanda jukwaa dogo linagongana. Tatu, muwe na alama ya kubadilisha mstari inayotoka kwa mpiga ngoma mkubwa au firimbi, si kwa mwalimu anayepunga mikono pembeni kama mutu anayefukuza kuku. Ine, mikrofoni iwekwe karibu na waimbaji na mbali na ngoma. Bila hivyo jiri itasikia ngoma tu, na maneno ya wimbo, ambayo njo hekima yenyewe, yatapotea.

Na jambo la tano ni yule "sista" wa Kalela. Muchague mutu mmoja asiyecheza. Apewe uzi, sindano, pini, mkasi, kitambaa na kioo. Apite kwa kila mchezaji mbele ya kupanda. Mimi sikuwa naye mwaka 2004.

Siku ya nkaka

Mwaka ule tulialikwa kwa mashindano ya makundi ya shule. Nilipanga mchezo wa Kiluba, na nilitaka kiongozi wa mstari avae nkaka ya kweli, si ya karatasi. Msomaji asiye Muluba ajue: nkaka ni kofia au utepe wa ushanga unaofungwa kwenye paji la uso. Jina lenyewe ni lile la kakakuona, yule mnyama mwenye magamba, kwani ushanga unapangwa kama magamba yake, na unamlinda anayeuvaa. Haikuwa pambo la kila mutu. Ilivaliwa na waganga, na watu wa Mbudye, wale waliotunza historia ya ufalme wa Baluba na kuisimulia kwa mchezo na kwa ubao wa lukasa.

Jirani yetu mmoja, nkambo mwenye kuzaliwa upande wa Kabongo, alikuwa na nkaka ya baba yake, aliyekuwa mutu wa Mbudye. Nilienda kwake mara tatu. Mara ya tatu alitoa kifurushi chini ya kitanda.

"Mwalimu, hii kitu haichezake mu batoto," alisema. "Lakini we uko unafundisha batoto yetu, basi ubebe. Utairudisha yote."

Nilimjibu: "Nkambo, itarudi yote."

Sikuijaribu mazoezini. Niliogopa kuichakaza, ndivyo nilivyojidanganya. Kweli ni kwamba nilitaka watu waione mara ya kwanza jukwaani, washangae. Kijana alipanda, goma zikalia, watu wakapiga makofi. Kwenye dakika ya tatu alitikisa kichwa kama nilivyomfundisha, uzi ukakatika. Ushanga ulimwagika juu ya sima kama mvua. Wachezaji wawili waliteleza. Mpiga ngoma aliacha kupiga. Batoto wenyewe, bila kuambiwa, walipiga magoti wakaanza kuokota, mbele ya jiri na watu wote. Tulikuwa wa mwisho, lakini hiyo haikuniuma. Nilikuwa nikiwaza tu namna nitakavyobisha kwenye mlango wa yule mama.

Nilibisha jioni ileile, na ushanga ndani ya bakuli. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka, akamwaga, akaanza kupanga kwa rangi: nyeupe huku, bluu huku, nyekundu huku. Kisha akainua kipande cha uzi uliokatika, akausugua kati ya vidole viwili, ukawa vumbi.

"Angalia," alisema. "Bushanga haikukufa. Ni buzi njo ilikufa, zamani. Baba yangu alikuwa anaibadirisha buzi mara kwa mara, anaipaka nta. Mi nayo nilijua, nikaacha. Nilikuwa ninachunga ile kitu chini ya kitanda, ninafikiri ninaichunga."

Halafu akaniangalia: "Leta bale batoto."

Kwa majuma sita, kila siku ya posho, wachezaji wangu walikaa kwake. Aliwafundisha kuvuta uzi juu ya nta ya nyuki mpaka uwe laini, kufunga fundo dogo kila baada ya ushanga kadhaa ili mahali pamoja pakikatika pengine pabaki, na kupanga rangi kama baba yake. Akifundisha, alisimulia. Katika majuma yale batoto wale walijua habari za Baluba kuliko katika mazoezi yangu yote ya mwaka. Ushanga kumi na kitu haukupatikana kamwe. Mahali pake aliacha wazi, akakataa tuweke mpya. Alisema mutu atakayeuliza kwa nini kuko tundu, ataelezwa.

Mwishoni walijitengenezea nkaka zao wenyewe, kwa ushanga wa soko ya Kenya. Hizo njo tulicheza nazo miaka iliyofuata. Ile ya muzee ilirudi nyumbani, lakini haikurudi chini ya kitanda. Ilitundikwa ukutani.

Neno la mwisho kwa walimu wenzangu

Tangu siku ile niko na kanuni ine. Kitu cha urithi kisipande jukwaa. Tutengeneze mfano wake kwa mikono ya batoto, na cha kweli kiheshimiwe nyumbani. Kila uzi, kamba na ngozi viangaliwe juma moja mbele, na tena asubuhi ya siku yenyewe. Mwenye kuazima aseme ukweli wote kwa mwenye mali: nani atavaa, wapi, na hatari gani. Na mwenye mali aitwe mazoezini, akae kiti cha mbele, maana yeye ni mwalimu kuliko sisi.

Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba yetu ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na tulifurahi wote. Lakini michezo mingine ya kwetu haina orodha. Iko mu nyumba za wazee, ndani ya vifurushi, na uzi wake uko unaoza pole pole. Ushanga ungali upo. Basi mwalimu, juma hili, mbele ya kupanga mstari mupya, uende ubishe mlango mmoja. Ubebe uzi na nta.